Meli Ikiondoka, Nini Kinabaki Bandarini?

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa umma mjini Tukuyu, wilayani Rungwe.)



Nimeombwa nizungumze juu ya biashara, elimu na huduma za wananchi katika mji wa bandari wa enzi ya ukoloni. Najua wapo miongoni mwenu wanaojiuliza: bandari ipi? Tukuyu iko mlimani, penye baridi na mvua, na kutoka hapa ziwa huonekana mbali chini siku ambayo ukungu umeondoka. Swali hilo ni la haki, na jibu lake ndilo mlango wa mazungumzo haya. Mji wetu ni mtoto wa bandari. Wajerumani walipouandika katika vitabu vyao waliuita Neu Langenburg, yaani Langenburg Mpya. Penye mpya hapakosi pa zamani. Langenburg ya zamani ilikuwa bandari kwenye Ziwa Nyasa, mahali panapoitwa Lumbila, chini ya milima ya Livingstone.

Bandari hiyo ilianzishwa mwaka 1893. Mwaka huohuo Wajerumani walizindua meli yao ya mvuke katika ziwa hili, wakaipa jina la Hermann von Wissmann, aliyeongoza safari ya kuileta. Meli ile haikuja nzima. Ilisafirishwa vipande vipande kutoka pwani ya Bahari ya Hindi kwa njia ya mto Zambezi na mto Shire, na pale penye maporomoko ikabebwa kwa nchi kavu, kisha ikaunganishwa ikaelea. Tufikiri kidogo juu ya kazi hiyo. Ni mikono ya Waafrika wangapi iliyobeba vyuma vile, ni migongo mingapi iliyochubuka, ili boma la wageni lipate meli yake? Majina ya wabebaji wale hayakuandikwa. Lililoandikwa ubavuni mwa meli ni jina la mkubwa wa safari.

Langenburg ya zamani ilikuwa na kila kitu ambacho mkoloni alikihesabu kuwa mji: boma, askari, forodha, ghala na gati. Lakini mji ule haukudumu. Pale chini palikuwa na joto na homa, na milima iliutenga na Wanyakyusa walio wengi, ambao ndio waliokusudiwa kutawaliwa na kutozwa kodi. Ilipokaribia karne ya 20, wakuu waliamua kupanda juu, na makao ya wilaya yakahamia hapa tulipo. Bandari iliyobaki nyuma haikuwa tena mji.

Ndugu zangu, hapa ndipo napenda tusimame. Mji unapohamishwa kwa amri ya mkubwa, wenyeji wa pale wanabaki na nini? Hilo ndilo swali la mazungumzo yangu yote. Si swali la Wajerumani peke yao, kama nitakavyoeleza baadaye.

Kwanza tuitazame biashara. Vitabu vingi vya wakoloni vilitaka tuamini kwamba biashara katika nchi hii ilianza siku meli ilipotia nanga. Jambo hilo si kweli. Kabla ya Langenburg, Wakisi wa mwambao wa ziwa walikuwa tayari wafanyabiashara wakubwa. Wanawake wa Kikisi walifinyanga vyungu, vyungu vikapakiwa katika mitumbwi na kupelekwa pande zote za ziwa kubadilishwa kwa nafaka. Kutoka juu milimani Wakinga walishuka na majembe ya chuma waliyoyafua wenyewe, wakapata chakula na mifugo kwa Wanyakyusa. Soko hilo halikuwa na karani wala risiti, lakini lilikuwa na jambo ambalo Langenburg haikuwa nalo: kila aliyekuja pale alileta kitu alichokitengeneza kwa mikono yake, na kila aliyeondoka aliondoka na kitu alichokihitaji.

Leo hii, mtu akienda Matema na Lyulilo siku ya soko, atakuta vyungu vya Wakisi vimepangwa ufukweni, vingine vikiwa vimeletwa kwa mitumbwi kutoka Ikombe. Boma la Langenburg liliondoka na forodha yake ikaondoka. Vyungu vingali vinauzwa. Hili si jambo la kupita bila kulitafakari. Ufundi ulio mikononi mwa watu, mama akimfundisha bintiye, haukungoja amri ya kufunguliwa, na hapakuwa na amri iliyoweza kuufunga.

Biashara iliyoletwa na bandari ilikuwa ya namna nyingine. Upande wa Karonga ilikuwapo tayari Kampuni ya Maziwa ya Waskoti, ambayo wenyeji waliiita Mandala, nayo ilinunua pembe na kuuza nguo. Wajerumani walifuata njia hiyohiyo. Lakini nguo na shanga pekee haziwezi kumtoa mtu shambani kwake ikiwa ana ndizi na maziwa. Kwa hiyo ilitafutwa njia ya kumlazimisha aitafute fedha, na njia hiyo ilikuwa kodi. Amri ya kodi ya vibanda ya mwaka 1897 iliweka rupia 3 kwa nyumba ya shamba. Mwanzoni hata mazao na kazi vilikubaliwa badala ya fedha, lakini nia ilikuwa wazi: kila mwenye nyumba aingie katika soko ambalo bei zake hakuzipanga yeye. Duka likafuata kodi, na karani akafuata duka. Huo ndio uliokuwa mpango wa huduma katika mji wa kikoloni. Ilipohitajika barabara, ililimwa ili mzigo upite. Posta iliwekwa ili barua za boma zifike. Mwananchi alizikuta huduma hizo njiani kama mtu akutavyo daraja lililojengwa kwa ajili ya gari la mwingine: akipita, apite, lakini hakufikiriwa lilipojengwa.

Sasa tuitazame elimu, kwa kuwa wengi wenu ni walimu. Serikali ya Wajerumani ilikuwa na shule zake, na iliyosifika kupita zote ilikuwa ya Tanga, bandari ya pwani, iliyoanza katika miaka ya mwanzo ya 1890. Shule ile ilifundisha kwa Kiswahili, na ilikuwa na mtambo wake wa kupigia chapa, ambako gazeti la Kiongozi lilichapwa. Tusiibeze. Imetuachia maandishi ya Waafrika yenye thamani, na ilisaidia kukifanya Kiswahili lugha ya kazi kuanzia pwani hadi bara. Lakini kusudi lake halikufichwa: serikali ilihitaji makarani, wakalimani, walimu na maakida. Kijana aliyehitimu alipelekwa popote boma lilipomtaka. Shule ya bandari ilikuwa kama ghala la bandari: kilichoingia kiliandaliwa ili kisafirishwe.

Huku kwetu Rungwe mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Wamisionari wa Kimoravian walifika mwaka 1891 wakajenga chini ya mlima Rungwe, na Wamisionari wa Berlin wakaja mwaka huohuo. Vituo vyao vilitangulia boma. Wao nao walikuwa na kusudi lao, ambalo ni dini, na hatuna haja ya kulificha wala kuligombania hapa. Tunalolitaka ni kutazama namna walivyofanya kazi. Walifundisha kusoma kwa Kinyakyusa, lugha ambayo mtoto aliijua tayari kutoka kwa mama yake. Na kwa kuwa wao walikuwa wachache na vijiji vilikuwa vingi, iliwabidi wawafundishe vijana wa hapahapa kuwa walimu, nao wakarudi vijijini kufundisha wengine. Mara nyingi shule ya namna hiyo ilikuwa kibanda cha mianzi na nyasi, kilichojengwa na wazazi wenyewe. Mkaguzi angeiona kuwa si shule. Hata hivyo, ilikuwa na mwalimu mwenyeji, aliyelala kijijini, aliyelima kijijini, na aliyejulikana ukoo wake.

Ndipo ukaja mtihani ambao haukutungwa na mwalimu yeyote. Mwezi wa Agosti 1914 vita vilianza Ulaya. Habari ziliwafikia Waingereza wa upande wa pili wa ziwa kabla ya Wajerumani wa upande huu, na meli ya Gwendolen ikaja mpaka Liuli, ambako wakati huo Wajerumani walipaita Sphinxhaven. Ilimkuta Hermann von Wissmann amepandishwa nchi kavu kwa matengenezo, ikamshambulia, na kwa saa chache meli iliyobebwa vipande vipande kwa jasho la watu ikawa haifai tena kwa kazi. Mwaka 1916 majeshi ya Jenerali Northey yakaingia, na boma la hapa likabadilisha wenyewe. Wamisionari wa Kijerumani nao waliondolewa wakawekwa kizuizini.

Ndugu Walimu, tazameni matokeo. Meli ilikwisha, na forodha ya Mjerumani ikakwisha pamoja nayo. Rupia zake hazikuwa tena fedha ya nchi. Lakini shule za vijijini na makanisa hayakufa yote. Waskoti wa Livingstonia walipewa kuviangalia vituo vile kutoka mbali, na watu wao walikuwa wachache mno kuvishika. Walioendesha kazi siku hata siku walikuwa walimu na wazee wa Kiafrika. Waliendelea karibu miaka 10, hadi wamisionari wa Kijerumani waliporuhusiwa kurudi katikati ya miaka ya 1920. Vita vya pili vilipoanza mwaka 1939, Wajerumani waliondolewa tena, na kwa mara nyingine kazi ikabaki mikononi mwa wenyeji.

Katika miji yote miwili, Langenburg ya zamani na ya mpya, kilichodumu ni kile ambacho mwenyeji alijua kukiendesha. Simaanishi kwamba jengo na fedha havina maana. Namaanisha kwamba jengo na fedha vikikosa mtu wa mahali pale mwenye ujuzi na mwenye mamlaka, vitahama pamoja na aliyevileta.

Waingereza nao walikuwa na njia yao. Sheria ya mamlaka za wenyeji ya mwaka 1926 iliwapa machifu hazina na mahakama, lakini chini ya jicho la Bwana Shauri. Sheria ya elimu ya mwaka 1927 iliweka ruzuku kwa shule za misheni zilizotimiza masharti. Zile zilizotimiza zikapata mwalimu mwenye cheti na vitabu. Nyingi za vijijini, zile za mianzi na nyasi nilizozitaja, hazikutimiza. Hivyo ngazi ya elimu ikawa pana chini na nyembamba sana juu, na mitihani ya darasa la nne na la nane ikawa ungo wa kupunguza watoto. Mzazi aliuza kahawa yake huku milimani, au mchele wake kule chini Kyela, sehemu ambayo wakati huo ilikuwa bado ndani ya wilaya ya Rungwe, ili alipe ada ya mtoto mmoja, na mara nyingi huyo mmoja alikuwa wa kiume.

Biashara nayo ilibadili uso. Bandari ya Mwaya iliendelea kupokea na kupakia mizigo ya ziwani, lakini dhahabu ya Lupa na mji wa Mbeya uliokua katika miaka ya 1920 na 1930 viliivuta njia ya mizigo kuelekea kaskazini. Lori likashindana na meli. Vijana wakaenda Lupa kuchimba, na wengine wakavuka mpaka kwenda migodi ya shaba ya nchi ambayo leo ni Zambia, hata Afrika Kusini. Mashamba ya chai yakapandwa na walowezi katika vilima hivi. Kila badiliko lilikuwa na faida yake na hasara yake, lakini katika yote mwananchi wa Rungwe aliulizwa jambo moja tu: utafanya kazi wapi? Hakuulizwa: huduma iwekwe wapi?

Baada ya Uhuru tulianza kujiuliza swali hilo la pili. Mwaka 1967 ulitupa Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitutaka tumfikishe kila mtoto darasani, na mwaka 1977 shule zikafurika. Ungo wa darasa la nne ukaondolewa. Hayo ni mambo ya kujivunia, na asiyeyakumbuka hajui tulikotoka.

Lakini mazungumzo ya kweli hayana budi kutaja pia pale ambapo sisi wenyewe tulifanya jambo linalofanana na lile la Langenburg. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilivunjwa. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa. Nia ilikuwa kuharakisha maendeleo na kuondoa uzembe na wizi, na wizi ulikuwapo kweli. Lakini pamoja na wezi tuliwaondoa wanavijiji waliokuwa wamejifunza kusoma mizania, kupima kahawa, kubishana juu ya bei, na kumwuliza katibu fedha zimekwenda wapi. Vyombo vilirudishwa kwa sheria za mwaka 1982, na halmashauri zikaanza kazi tena mwaka 1984. Mwalimu Nyerere mwenyewe alisema hadharani baadaye kwamba hayo mawili, kama angeanza upya, asingeyafanya. Sheria ilirudi kwa siku moja. Mazoea ya watu kuhoji hesabu hayakurudi kwa siku moja, na mahali pengine hayajarudi hata leo.

Sasa, Ndugu zangu, haya yanatuhusu vipi sisi tunaoingia kazini kila asubuhi?

Yanatuhusu kwa sababu makao bado yanahama. Mikoa imegawanywa na wilaya zimegawanywa. Kyela ni wilaya kwa haki yake, na ndani ya Rungwe yenyewe iko Halmashauri ya Busokelo. Bandari nazo bado zinahama: Itungi imesumbuliwa kwa miaka mingi na mchanga uletwao na mito inayoshuka kutoka milima yetu, na kazi nyingi imebidi ifanyiwe Kiwira. Serikali imejenga meli mpya za mizigo, MV Njombe na MV Ruvuma, na meli ya abiria MV Mbeya II, iliyoanza kazi mwaka 2021. Meli ni jambo jema. Lakini mkulima wa juu mlimani anayelima mpaka ukingoni mwa mto, na nahodha anayekwama kwenye mchanga kule chini, wanahusiana ingawa hawajaonana. Ofisi ya kilimo, ofisi ya maji na ofisi ya bandari zikikaa kila moja na faili lake, mchanga hautajua kwamba umevuka mpaka wa idara.

Napenda kupendekeza maswali matatu ambayo kila mtumishi na kila mwalimu anaweza kujiuliza juu ya huduma aliyokabidhiwa.

La kwanza: nikihamishwa kesho, nani wa hapa ataijua kazi hii? Mwalimu mkuu ambaye ni yeye peke yake ajuaye shamba la shule lina mipaka gani, au mganga wa zahanati ambaye ni yeye peke yake ajuaye dawa huagizwaje, ameigeuza huduma ya umma kuwa mzigo wake wa safari. Atakapopanda gari, itapanda naye.

La pili: kumbukumbu ziko wapi, na nani anaweza kuzisoma? Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mkutano Mkuu wa Kijiji ndicho chombo chenye mamlaka ya juu kijijini kwa sheria ya mwaka 1982. Mapato na matumizi yakisomwa pale haraka haraka, kwa maneno ya kiofisi ambayo mama mwuza ndizi hayaelewi, yamesomwa kwa kuitimiza sheria, lakini hayajafika kwa mwenye mali. Kitabu cha hesabu cha soko, cha mradi wa maji, cha chama cha ushirika cha msingi, kinapaswa kuandikwa kwa namna ambayo mtu aliyemaliza darasa la saba anaweza kukifungua na kukihoji. Na hapa mwalimu ana kazi kubwa kuliko anavyodhani. Hesabu za darasani zifundishwe kwa kilo za chai, kwa ushuru wa soko na kwa bei ya mchele, ili mtoto akue akijua kwamba hesabu ni silaha ya raia.

La tatu: huduma hii ilifuata nini ilipowekwa? Je, ilifuata barabara kuu na nyumba za watumishi, au ilifuata watu walipo? Tangu mwaka 2016 ada katika shule za serikali imeondolewa hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 hata kidato cha tano na sita. Lakini mtoto anayetembea mwendo mrefu kwenye utelezi wa mvua za Rungwe bado analipa ada nyingine, ya miguu na ya usingizi. Anayepanga mahali pa shule mpya kwa kutazama ramani mezani peke yake anafanya kama yule aliyechagua Lumbila kwa sababu palikuwa pazuri pa kutia nanga.

Wapo watakaosema kwamba wananchi hawako tayari, kwamba wakipewa hesabu watagombana, na kwamba mtaalamu akiamua peke yake kazi huenda upesi. Ni kweli kazi huenda upesi. Langenburg nayo ilijengwa upesi. Ugomvi wa wanakijiji juu ya fedha za soko si dalili ya ujinga; ni dalili kwamba wamejua fedha ni zao. Kazi yetu si kuuzima ugomvi huo, bali ni kuuwekea daftari, kikao na utaratibu, ili uzae uamuzi.

Ndugu Mwenyekiti, namalizia. Wanafunzi wa shule za wilaya hii wapelekwe ziwani waone mahali panapoitwa bandari, na waelezwe ni nani alibeba vyuma vya meli ile ya Wajerumani. Kisha waonyeshwe vyungu vya Wakisi sokoni, na waulizwe kwa nini hivi vimebaki na ile imetoweka. Nina hakika watajibu vizuri. Wakishajibu, watatugeukia sisi tulioshika ofisi na watuulize jambo lilelile juu ya shule yao, zahanati yao na soko lao. Yatupasa tuwe na jibu.